Siku Mtani Alipofuta Sauti ya Baba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo sikatai. Nimegombana na wauza mkaa, nimegombana na makondakta, nimegombana hata na mashine ya fotokopi yenyewe. Ndiyo maana nasema Mungu ana mipango yake: katika mji mzima wa Lindi, mtu pekee niliyemwamini kutengeneza kompyuta akamfanya Mngoni, na mimi akanileta duniani kwa baba Mmwera na mama Mmatumbi. Hapo hasira haina pa kwenda. Mngoni ni mtani wetu. Babu zake na babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri wachekane, na tangu hapo mtani akikutukana unacheka, akichukua kuku wako unamshukuru kwa kukubakizia jogoo, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa.

Nilikuwa nimepunguzwa kazi. Shirika nililokuwa nalichapia barua lilibinafsishwa, wenye mali wapya wakabaki na mlinzi na dereva, sisi wachapaji tukapewa mkono wa kwaheri. Enzi hizo ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikwishazoeleka, kila mwenye baraza kafungua kioski, kila mwenye ukuta kaweka tangazo. Nami nikachukua chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wangu, si mbali na stendi, nikaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: TUNACHAPA, TUNATOA FOTOKOPI, KADI ZA HARUSI. Kompyuta ilikuwa ya mtumba. Ilitoka Dar juu ya keria ya basi, imeviringishwa ndani ya godoro, ikafika na vumbi la njia nzima. Ukiiwasha inanguruma, lakini ilifanya kazi, na watu walikuja kuitazama hata wale wasio na barua.

Aliyekuja kuitazama kuliko wote ni baba. Alikuwa amestaafu udereva. Maisha yake yote aliendesha malori, baadaye mabasi, katika njia ya Lindi na Dar es Salaam, wakati ule ambapo njia yenyewe ilikuwa tope. Masika yakianza gari linakwama Mbwemkuru, linatolewa, linakwama tena Matandu, na abiria wanakaa njiani mpaka wanajuana kwa ukoo. Mama mwenyewe alipatikana hivyo. Lori lilizama karibu na Tingi, wenyeji wakatoka na vyakula kuwauzia waliokwama, na mmoja wao alikuwa msichana mwenye sinia la mihogo na ulimi mkali. Baba alisema alinunua sinia zima ili aache kumsema, na kwamba ndiyo bidhaa pekee aliyowahi kununua ambayo haikufanya kazi.

Basi mtu wa namna hiyo ukimpa benchi dukani, umekwisha. Mteja amekuja kuchapisha barua ya kuomba ruhusa, baba anamdaka na habari za springi iliyokatika Somanga. Mteja wa pili anaingia, hadithi inaanza upya kwa sababu huyu hakusikia mwanzo. Nikanunua kipaza sauti kidogo, nikakichomeka kwenye kompyuta, nikamwambia, "Baba, hadithi zako iambie hii. Niachie wateja wangu." Nilifanya kwa kukereka, wala si kwa busara yoyote ya kuhifadhi historia. Lakini yeye alikipenda kipaza sauti kile. Alikisogelea mdomoni, akashusha sauti, akawa anasimulia taratibu kana kwamba kuna abiria mmoja tu ndani ya gari.

Alisimulia mpaka kompyuta ikajaa. Fundi akaja, akafungua boksi, akaongeza diski ya pili ndani yake. Akanieleza kwamba ya kwanza ndiyo ya kuendeshea mashine na kazi za wateja, na hii ya pili tuichukulie kama ghala. Nikahamishia hadithi zote za baba ghalani, naye akaendelea kulijaza.

Kisha kiharusi kikamkuta. Aliamka asubuhi moja mkono na mguu wa kulia haviitiki, na maneno hana. Akili ilibaki ile ile. Ukikosea jambo anakutazama mpaka unajirekebisha, ukichekesha anacheka kwa mabega. Ila neno, hata moja, halikutoka tena. Tulilia sana mwanzoni. Baadaye tukazoea, na sitaki nidanganye kwamba nyumba yetu ilikuwa nyumba ya huzuni. Baba alikula vizuri, aliota jua barazani, alisikiliza mpira redioni, na watoto wa jirani wakimwamkia shikamoo aliinua mkono wa kushoto juu kabisa, kama anayesimamisha gari.

Mama ndiye ambaye sikumwelewa mapema. Alimhudumia, akamwogesha, akamlisha, na mdomo wake haukupumzika hata siku moja. Kumbe alikuwa anaongea kwa ajili ya wawili. Mchana mmoja aliingia dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Niwekee huyo mtu."

"Mtu gani, mama?"

"Huyo mwenye maneno mengi. Niwekee kidogo tu."

Nikamvika hedfoni juu ya kanga yake, nikafungua ghala. Mwenye hedfoni hajui anavyopiga kelele. "Muongo!" alifoka ghafla, na mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi akaangusha vyeti vyake. "Muongo mkubwa! Lori lilitolewa na trekta, si na wewe!" Nilicheka mpaka nikashindwa kuchapa. Tangu siku hiyo, kila akishamaliza kuosha vyombo vya mchana alikuja. Baba upande ule wa ukuta kajipumzisha, mama upande huu anabishana naye. Siku moja alivua hedfoni akaniambia bila mzunguko, "Mwanangu, mimi simchoki baba yako. Ila nimemzoea akiwa na kelele. Humu ndimo zilimobaki." Nikajua hapo kwamba lile ghala si langu tena.

Ndipo kompyuta ikaingia virusi. Watu walileta disketi zao kutoka kila pembe, na kila disketi ilikuja na ugonjwa wake. Mashine ikawa nzito, ukibofya herufi unaweza kwenda kunawa ukarudi ndiyo inatokea. Nikamwita fundi aje apige windozi upya, maana yake afute kila kitu kwenye ile diski ya kuendeshea mashine, kisha aipandie programu mpya. Barua za wateja tulikwishazihamishia kwenye disketi safi. Habari za diski ya pili hatukuzizungumza. Kwangu mimi ilikuwa wazi haiguswi, wala sikuona sababu ya kusema.

Fundi alikuwa mtu wa Songea. Alikuja Lindi kufunga nyaya za simu, akaoa hapa hapa, akabaki, akafungua karakana ya redio na televisheni. Hakuwahi kuingia kwetu kistaarabu. "Hodi, enyi wala panya!" ndiyo salamu yake, na mama hujibu kutoka uani, "Karibu, mwizi wa kuku! Ngoja kwanza niwafungie!" Kisha ndiyo anaamkia shikamoo, kwa adabu zote, na mama anaitika marahaba. Baba siku zake nzuri alimwita mkimbizi, akamuuliza lini anarudi kwao kwa miguu kama babu zake walivyokuja.

Siku ya kazi yenyewe sikuwepo. Nilikuwa na kadi za harusi za kupeleka Mingoyo, na bibi harusi wa watu hangeweza kusubiri virusi vyangu. Nikamwacha mama dukani, kajikalia na ukili wake anasuka, fundi ameinamia mashine. Yaliyotokea nilisimuliwa na wote wawili, na ajabu ni kwamba hawakupishana hata kidogo.

Fundi alimaliza diski ya kwanza, akaona ya pili. Akageuka akasema, "Mama, na hili ghala nalo limejaa mizigo, na virusi hupenda kujificha humu. Nisafishe na huku?"

Mama hakuinua uso kwenye ukili. "Safisha, baba. Kazi yenu Wangoni tangu zamani si ndiyo hiyo? Mkipita mahali habaki hata panya."

Fundi akacheka sana, akabofya. Mama naye akacheka, kwa sababu alijiona amempata. Mmoja alidhani amepewa ruhusa, mwenzake alidhani ameshinda utani. Swali lilikuwa la kweli na jibu lilikuwa la mzaha, na kwa watani mambo hayo mawili huvaa nguo moja. Isitoshe, mama hakujua ghala ndilo nini. Kwa akili yake baba alikuwa anakaa kwenye kioo cha mbele, pale maandishi yanapotokea.

Niliporudi fundi alikwishaondoka. Mashine ilikuwa nyepesi, inaitika papo hapo, nikafurahi kweli. Mama akaja na muda wake wa kusikiliza, akakaa, akajivika hedfoni mwenyewe kama mtaalamu. Nikafungua ghala. Halikuwa na kitu. Nikafunga, nikafungua tena. Peupe.

"Mama, fundi alisema chochote kuhusu diski ya pili?"

Akaanza kunisimulia huku akicheka, na alipofika kwenye habaki hata panya akaniangalia usoni. Kicheko kikamwishia mdomoni. Akavua hedfoni, akaziweka mezani polepole.

"Kwa hiyo nimemfuta baba yako."

"Hujamfuta wewe, mama. Kamfuta yule Mngoni."

"Mngoni aliuliza," alisema. "Mimi ndiye niliyesema safisha. Maji yakishamwagika hayazoleki." Akaondoka kwenda kumpa baba uji. Nilitega sikio ukutani. Kwa kawaida akimlisha humsimulia habari za mtaa mzima, nani kaoa, nani kaachika, bei ya dagaa. Siku ile nilisikia kijiko tu kikigonga bakuli.

Nikafunga duka nikaenda karakana. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na yalikuwa maneno mabaya. Fundi alikuwa analehemu redio. Aliponiona akatanua mikono: "Mke wangu! Umenikosa mpaka umenifuata kazini?" Nikaanza kumtukana. Akacheka. Nikaongeza. Akapiga makofi, akaita watu wa duka la pili waje wasikie Mmwera alivyojaaliwa. Kila nilivyokasirika ndivyo alivyozidi kufurahi, na mimi ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sina silaha, kwa sababu tusi lolote nitakalotoa ni halali yake kulipokea kwa kicheko. Mwisho nikalia. Nililia kwa sauti, katikati ya maredio yake, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hapo akaweka chini chuma chake cha kulehemu. "Ghala lilikuwa na nini?"

"Baba. Sauti yake yote."

Uso wake ulibadilika, na utani ukamtoka mwili mzima. "Tangu nimeondoka umeandika chochote humo?"

"Hapana."

"Kompyuta inawaka sasa hivi?"

"Nimeizima."

"Usiiguse tena. Twende."

Njiani alinieleza, na naeleza kama alivyoeleza kwa kuwa sijapata maelezo bora zaidi. Alisema, "Nilichofanya mimi ni kung'oa vibao vya majina milangoni. Wapangaji bado wamo vyumbani. Kompyuta ikipita inaona hakuna kibao, inasema nyumba tupu. Sasa hatari ni ukileta mpangaji mpya. Atapewa chumba chenye mtu, na yule wa zamani ndiyo hatapatikana tena." Alipofika nyumbani alimwambia mama maneno hayo hayo, akaongeza kwamba maji hayakumwagika, yamefunikwa tu.

Tatizo ni kwamba programu ya kuwatafuta wapangaji hao fundi hakuwa nayo. Alikuwa nayo mwenzake wa Dar, na ingebidi sidii yenye programu hiyo ije kwa basi. Akaichomoa diski ya pili kwenye boksi. Ni kitu cha chuma, kinaenea kiganjani, na mama alipokiona alikipokea kwa mikono miwili. "Humu ndimo alimo?" aliuliza. Fundi akasema ndimo. Mama akakifunga kwenye kanga mpya, akakiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, akatia ufunguo kwenye pindo la nguo. Kwa muda wote tuliosubiri, kabati lile halikufunguliwa. Wageni walikuja, wakalia wali kwenye mifuniko ya masufuria, na hakuna aliyeelezwa kwa nini.

Wakati tunasubiri, fundi alifanya jambo ambalo ni mtani tu anayeweza kulifanya. Tulikuwa barazani baada ya sala ya Ijumaa, baba kwenye kiti chake. Tukasikia kilio kutoka kona ya mtaa, kilio cha mwanamke aliyefiwa. Watu wakatoka majumbani. Kumbe ni yeye. Amejifunga kanga kiunoni, nyingine kichwani, uso kaupaka majivu, mkononi kashika jogoo. "Uwiii! Nimeua sauti ya mzee! Nizikeni na mimi!" Akamfunga jogoo kwenye nguzo ya baraza kama faini, akajibwaga miguuni pa baba. Mama, ambaye siku zote hizo alikuwa mkimya, akashindwa kujizuia. "Jogoo mwenyewe ni wetu," alisema. "Umemrudisha tu."

Kwetu mtu akifa, mtani ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu msibani, atembee kama yeye, aongee kama yeye, ili wenye msiba wacheke. Fundi akafanya hivyo hivyo, wakati mwenye sauti yupo hai anamtazama. Alishika usukani wa hewani, akavuta shingo kama baba, akafoka, "Abiria, shukeni msukume! Nauli mliyolipa ni ya kukaa, kusukuma ni sadaka!" Basi la baba ndilo lililomleta Lindi kutoka Dar mara ya kwanza, na alikuwa amesukuma kweli. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, anapiga mkono wa kiti. Majirani walishika mbavu. Mama aliegemea ukuta kwa kicheko, kisha taratibu kikamwishia.

"Umemweza," alimwambia fundi. "Ni hivyo hivyo. Lakini siye."

Akaingia ndani. Fundi alifuta majivu kwa pindo la kanga, na katika kufuta nikamwona usoni. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Hasira yangu yote iliondoka pale pale, na ikabaki hamu moja tu, kwamba ile sidii ifike.

Ilifika na kondakta, imefungwa kwenye gazeti. Asubuhi iliyofuata tulimbeba baba na kiti chake tukamwingiza dukani. Mama akafungua kabati, akaitoa diski kwenye kanga, akamkabidhi fundi. Fundi akairudisha ndani ya boksi, akaweka programu kwenye diski ya kwanza, akaiamuru ipite vyumba vya ile ya pili kimoja kimoja, na chochote itakachokipata ikihamishie huku, ili kule kusiandikwe hata nukta. Nilifunga mlango wa mbele. Mama alichukua ukili, midomo yake ikawa inasoma dua. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa kobe, na kila feni ilipopunguza kasi sote tulitazama taa, maana umeme wetu tuliujua.

Haukukatika. Vitu vikaanza kutokea kwenye kioo, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa havina majina. Mimi kila hadithi niliipa jina lake, za Matandu, za Somanga, za simba aliyelala barabarani. Sasa zilikuwa namba tupu, kwa sababu vibao ndivyo vilivyong'olewa. "Hakuna njia," fundi alisema. "Itabidi tusikilize." Akaunganisha spika kubwa za karakana kwake.

Sauti ya baba ilipotoka mara ya kwanza, baba mwenyewe aligeukia mlangoni kuona ni nani aliyeingia. Kisha akaelewa. Akakaa vizuri kitini, na tangu hapo alikuwa msimamizi. Hadithi iliyokamilika aliinulia mkono. Iliyoharibika aliipungia iondoke.

Na zilizoharibika zilikuwa nyingi. Nyingine zilikuwa mvumo tu. Ile ya Matandu, ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, ilirudi na kichwa bila miguu: gari linaingia mtoni, abiria wanaanza kupiga kelele, basi, imekwisha. Mama alisikiliza mpaka hapo, akaweka ukili chini. Nilimwona ameshakata tamaa. Mawingu yalikuwa yamejikusanya, akasema anakwenda uani kuanua nguo.

Fundi alinieleza kwa sauti ya chini kwamba hadithi ndefu haienei chumba kimoja, kompyuta huitawanya, na ukikosa chumba kimoja inakatika hapo hapo. Vifupi ndivyo vinavyopona. Na kweli vifupi vilipona vyote. Ni vile nilivyoviona takataka, baba anaanza, anakohoa, mteja anaingia, nazima. "Imeanza? Hii imeanza kumeza?" Kikohozi. "Ulimwengu huu, mtu mzima naongea na waya." Nilikuwa nimekusudia kuvifuta vyote siku nikipata nafasi, nafasi haikupatikana. Baba alikuwa anacheka kimoyomoyo. Fundi akabofya namba nyingine.

Ikaja sauti ya kiti kinachosogezwa, kisha sauti ya baba, si ile ya taratibu ya kipaza sauti, ila sauti yake hasa ya kupita ukutani: "We mama! Hiyo chai umeifuata India?"

Na kabla yeyote kati yetu hajavuta pumzi, kutoka uani: "Nina mikono miwili tu! Ukiona nachelewa njoo uchochee kuni mwenyewe!"

Hakuna aliyesogea. Tukasikia kandambili zinakuja haraka. Mama akasimama mlangoni na nguo mikononi, akaiangalia kompyuta, kisha akamwangalia baba. Baba alikuwa anapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, mabega yanatikisika, uso mzima machozi.

"Rudisha," mama alisema.

Nikarudisha. Safari hii hakujibu. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, na kiti kile kilivyosogezwa, na kimya cha baadaye. "Huyo," alisema. "Huyo ndiye." Akalia wazi wazi, bila kujifunika, nguo zikaanguka moja moja. Mimi nililia naye, na sikuona aibu. Fundi aliokota bisibisi akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Tulizihifadhi zote zilizorudi, kwenye sidii zaidi ya moja, na ile ya Matandu bila miguu nayo ninayo. Lakini fundi hakuishia hapo. Jioni aliichukua ile sauti moja, ile ya chai, akairekodi kwenye kaseti, tena na tena, pande zote mbili mpaka utepe ukajaa, ili isihitaji kurudishwa nyuma. Akaleta redio kaseti ndogo ya kwake, akaiweka kwenye kigoda upande wa mkono wa kushoto wa baba, akamwonyesha kitufe cha kuwashia na cha kuzimia. Baba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamshika sikio na kulivuta, kama anavyofanyiwa mtukutu.

Kesho yake mchana nilikuwa nachapa barua ya mzee mmoja aliyekuwa anadai kiwanja. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kitufe kinabonyezwa.

"We mama! Hiyo chai umeifuata India?"

"Wewe mwanaume, hata jiko sijawasha!"

Kitufe.

"We mama! Hiyo chai umeifuata India?"

"Nimeshasema nakuja! Utanimaliza mwaka huu!"

Kitufe tena. Mama akaanza kuhesabu makosa yake yote tangu siku lori lilipozama, sauti imepanda, vyombo vinagongana, na katikati yake baba anabonyeza tu.

Yule mzee akainua macho kutoka kwenye barua yake. "Kwani mzee kapona?" aliniuliza.

Nikamwambia bado hajapona, ila wameanza tena kugombana.